Povu Katika Chupa ya Maji

Nyinyi mnaovaa makoti meupe na kupima dawa kwa mashine zinazojizima zenyewe zikimaliza kazi, hebu kaeni kidogo. Mjukuu wangu mmoja aliwaambia wenzake wa chuo kwamba nyanya yake alikuwa mtafiti wa dawa za miti shamba, nao wakaniangalia kwa heshima mpaka nikaona aibu. Ukweli ni kwamba, miaka ile ya hamsini pale Voi, kazi yangu kubwa ilikuwa mavi ya kondoo. Watu wa sokoni walitujua hivyo. Nikienda kununua nyanya, mwenye nyanya alinionyesha fungu kwa kidole ili nisimshikie mali yake.

Kituo chetu kilikuwa ng'ambo ya reli: jengo la mabati, meza mbili, hadubini moja, na mazizi nyuma. Serikali ilitaka kujua ni miti gani ya huku kwetu inatibu kweli na ni ipi inasifiwa tu. Mume wangu alifanya kazi ya reli, na mimi nilikuwa nimesoma shule ya misheni kwetu Werugha, kwa hiyo waliniajiri kuosha chupa. Msiwacheke waosha chupa. Chupa isiyooshwa vizuri huongea uongo, nanyi mtauandika uongo huo kwa kalamu nzuri kabisa.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Athumani, mkubwa wa kituo, mtu wa Mombasa, mwembamba, mwenye kanzu nyeupe siku ya Ijumaa na ulimi mkali siku zote. Namshukuru mtu huyu kila ninapomkumbuka. Alinionyesha kwamba gome huanikwa kivulini, penye upepo, wala haligeuzwi kila dakika kama mtu anayekaanga samaki. Hilo alilijua kwa sababu yeye mwenyewe, alipokuwa mgeni wa jua la Voi, alianika magunia mawili juu ya mabati. Adhuhuri gome likawa halina harufu wala ladha, na jioni mbuzi wa jirani wakapanda kwenye kichuguu, wakaruka juu ya paa, wakala lililobaki. Aliwatazama akasema, "Afadhali hawa wamefaidi."

Alinifundisha pia kutafuta mayai ya minyoo. Unachukua mavi mabichi, unayaponda katika maji ya chumvi, chumvi nyingi, mpaka ikatae kuyeyuka. Unachuja kwa kitambaa, unaacha yatulie. Mayai ya minyoo ni mepesi, huelea juu. Unagusisha kioo pale juu, unakiweka chini ya hadubini, unahesabu. Ukitaka kupiga chafya, geuka kwanza. Mambo haya mtayasoma vitabuni, isipokuwa hilo la chafya.

Watu walituletea kila aina ya dawa. Alikuja bwana mmoja kutoka upande wa Njukini na chupa aliyoapa kwamba inaponya kila kitu, kuanzia jino mpaka wivu. Bwana Athumani akanusa, akaonja tone, akaniita nionje. Ilikuwa tangawizi, pilipili na sukari guru. Akamwambia, "Ndugu yangu, umetengeneza chai nzuri. Sasa tafuta maziwa." Yule bwana alicheka, akakaa, tukanywa naye chai yenye maziwa. Mtu hafukuzwi kwa sababu dawa yake imeshindwa. Hilo nalo nililiona pale.

Basi sasa niwaeleze habari ya Bibi Mkamburi, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nibaki katika kazi hii hadi mvi.

Bibi Mkamburi alikuwa mtu wa kwetu Werugha. Alikuwa akishuka nyikani kuchimba mizizi ya mti mmoja, ananyoa gome lake, anakausha, anachemsha, anawapa wenye tegu, ule mnyoo mrefu kama utepe. Jina la mti sitaliandika. Nawajua vijana, kesho mtakuwa na panga mkononi na mkojo wa kijani. Dawa ile ina nguvu, na ukizidisha kipimo inakuumiza. Bibi alipima kwa kiganja chake mwenyewe, gome lilale bila kupita kidole, na hakumruhusu mtu mwingine kupima. Ikichemshwa inatoa povu jingi jeupe, utadhani mtu amemwaga sabuni ndani ya sufuria.

Sasa kukawa na maneno. Wengine walisema anaponya, wengine wakasema anawadanganya wajinga kwa maji yenye povu. Chifu akachoka na mashtaka, akatoa amri: Bibi Mkamburi asimpe mtu yeyote dawa ile mpaka kituo cha Voi kiseme kama inafaa. Ikionekana haifai, itapigwa marufuku moja kwa moja. Bibi alikuwa mama wa kanisa, mtu anayeketi kiti cha mbele. Alikubali mbele ya watu wote kwamba atangoja. Alituletea gome mwenyewe, amelibeba mgongoni, akamwambia Bwana Athumani, "Mkiona ni bure, nianzieni mimi kuniambia. Nisisikie njiani."

Na hapo ndipo jambo lilipoingia nyumbani kwangu. Binti yangu Wakesho alikuwa na tegu. Alikula sahani yake na yangu na bado mbavu zilihesabika. Zahanati walikuwa na dawa ya minyoo ya kawaida, lakini ile ya tegu ilifika mara chache na kuisha siku hiyo hiyo. Kwa hiyo nilikuwa naosha chupa za dawa ambayo mwanangu aliihitaji, nami siruhusiwi kumpa hata kijiko.

Bwana Athumani alilijua hilo, na alijua pia kwamba Bibi ni wa kwetu. Akaniambia, "Mama Wakesho, wewe utahesabu, lakini hutajua unahesabu ya nani. Moyo wako una upande, na macho hufuata moyo." Alifunga vikopo vya mavi kwa nyuzi za rangi, na maana ya rangi aliijua peke yake. Niliona kama ananitukana. Leo nasema asante, kwa sababu baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema nilipendelea.

Jaribio lilikuwa hivi. Kondoo wote walikuwa na tegu, tulikuwa tumewapima. Zizi moja wanywe dawa ya Bibi asubuhi kwa siku kadhaa, zizi la pili wanywe maji matupu, wote kwa chupa ya soda yenye shingo ndefu ili wote wasumbuliwe sawasawa. Kondoo wa kituo walikuwa wachache, kwa hiyo tuliazima wengine kwa watu wa vilima na wa Voi. Bwana Athumani, kwa wema wake, akasema mali ya watu isije ikadhurika na dawa tusiyoijua. Akawaweka kondoo wa kituo katika zizi la dawa, na kondoo wa kuazima wote katika zizi la maji.

Mchungaji wetu alikuwa Mwadime, mtu wa Sagalla, mtu mzima aliyezeeka na mifugo. Yeye ndiye aliyenywesha. Kondoo walimpenda kuliko walivyopenda majani.

Siku ya mwisho nilihesabu kutwa nzima. Kikopo cha kwanza, safi. Cha pili, safi. Nikaanza kufurahi kimoyomoyo. Cha tatu, cha nne, vyote karibu safi, mpaka furaha ikaanza kunitia wasiwasi. Bwana Athumani akapanga nyuzi zake mezani, akazihesabu tena na tena.

"Wamepona," nikasema.

"Wamepona wote," akanijibu. "Wa dawa wamepona, na wa maji wamepona vilevile. Maana yake minyoo imekwenda yenyewe. Pengine ni ukame, pengine malisho. Dawa haikufanya kitu ambacho maji hayakufanya."

"Lakini bwana..."

"Mimi pia sikupenda, mama. Lakini hivyo ndivyo ilivyosema."

Chifu alikuwa anakuja baada ya siku mbili kusikia jibu. Nikaenda nje kuosha vyombo, pamoja na chupa mbili za kunyweshea zilizokuwa zimekaa zizini kwa Mwadime siku zote hizo, machozi yakichanganyika na maji ya karai. Niliosha chupa ya dawa kwanza, ile yenye alama nyekundu shingoni, ikatoa povu kama kawaida ya dawa ile. Nikachukua chupa ya maji, yenye alama nyeupe. Nikatia maji, nikaziba kwa kidole gumba, nikatikisa. Ikajaa povu mpaka likanitoka mkononi.

Nikasimama. Sabuni sikuwa nimegusa. Nikaimwaga, nikatikisa tena, povu tena. Jamani, maji ya Voi yana chumvi na yana udongo, lakini povu hayana.

Sikumwendea mkubwa. Nilimwendea Mwadime kwanza, kwa sababu kazi yake ilikuwa mkononi mwangu na nilimwonea huruma. Nilimkuta anamtoa kondoo mwiba. Nikamwonyesha chupa, nikatikisa. Hakushtuka hata kidogo.

"Eh, hiyo nilipea dawa pia," akasema.

"Mwadime! Zizi la maji ulipea dawa?"

"Sasa ulitaka nifanye nini, mama Wakesho? Hiyo kondoo ni ya nani?"

"Ni ya watu."

"Basi. Mimi nimekaa na kondoo ya watu tangu nikiwa kijana. Mtu akikuachia mnyama wake, huyo anakula kabla ya wako. Yako ikinona na yake ikikonda, utamwangalia na uso gani? Hapa ya serikali inapewa dawa, ya watu inapewa maji. Nikaona bwana amesahau adabu, nikamsaidia."

Nilikaa chini pale pale kwenye mavi. Wale ambao hamkukulia kwetu mwelewe: zamani mtu wa vilimani hakuweka mifugo yake yote mahali pamoja. Alimwachia rafiki wa bondeni wengine, na rafiki akamwachia wake, ili ukame au ugonjwa ukija usiwamalize wote. Mnyama uliyeachiwa ni heshima yako. Bwana Athumani aliwapa maji kwa kuwahurumia, Mwadime akawapa dawa kwa kuwahurumia, na huruma hizo mbili zilikuwa karibu kumwangamiza Bibi Mkamburi.

"Wakijua watakufukuza," nikamwambia.

Akamwachia kondoo, akajipangusa mikono. "Kumbe hiyo mama ya Werugha itasemwa ni mwongo kwa sababu yangu? Twende. Nitasema mwenyewe."

Alisema mwenyewe, amesimama wima, kofia mkononi. Nilitazama sakafu. Bwana Athumani alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaanza kucheka, na kicheko kikamgeuka kikawa kitu kingine, akajifuta macho kwa ncha ya kanzu.

"Mwadime, kosa ni langu mimi," akasema. "Nilikupa kazi ambayo mtu mwenye adabu zake hawezi kuifanya, wala sikukueleza kwa nini. Tukirudia, wape maji. Maji kweli, lakini."

Chifu alipokuja, Bwana Athumani alimwambia hatujui bado. Nimewasikia wakubwa wengi wakisema mengi katika maisha yangu, lakini maneno hayo mawili ni wachache wanaoyaweza. Chifu alikasirika, akauliza tulikuwa tunalipwa kwa nini. Bwana Athumani akarudia: hatujui bado, jaribio limeharibika, tutarudia. Amri ya kumzuia Bibi ikabaki palepale.

Nikatumwa kumpelekea Bibi habari, kama alivyoomba, asisikie njiani. Nilipanda lori la mboga lililokuwa linarudi tupu, kisha nikatembea, ukungu umeshuka mpaka huoni ng'ombe anayekohoa mbele yako. Bibi alinipa uji, akasikiliza habari ya Mwadime, akacheka mpaka akakohoa. "Huyo amelelewa," akasema. Kisha akaacha kucheka. "Nyinyi mliomba kondoo kwa watu. Hamkuomba moyo wao. Mtu anakuachia kondoo akidhani unamlisha, kumbe unamnyima. Hasira ya mtu kama huyo itakaa ndani ya hiyo kazi yenu. Waiteni wenyewe, waelezeni, watase."

Kutasa, kwa wasiojua, ni desturi yetu ya kuitoa hasira moyoni. Unachukua kinywaji kidogo mdomoni, unakipuliza kwa mbele, unasema mbele ya watu na mbele ya Mungu kwamba huna kinyongo. Wengine kanisani walikuwa wakinong'ona juu yake. Bibi aliniambia anamjua anayemwomba na hana haja ya kuelekezwa.

Kabla sijaondoka nikashindwa kujizuia. Nikamwambia habari ya Wakesho, nikapiga magoti, nikamwomba kiganja kimoja tu, hakuna atakayejua.

Bibi aliniinua. Akanionyesha mlangoni. Nje, ukutani, walikuwa wameketi kina mama na watoto wao wenye matumbo, kama walivyokuja jana na juzi, wakingoja labda leo amri imeondolewa.

"Nikimpa wako kwa sababu wewe ni mtu wa kazi ile," akasema, "hawa nitawaambia nini, mwanangu?"

Nilishuka Voi nikiwa nimemchukia. Nasema kweli, nilimchukia njia nzima.

Siku ya kutasa wenye kondoo walikuja wote, mmoja hata kutoka Mboghoni. Bwana Athumani akawaeleza, polepole, bila maneno makubwa: tutachanganya kondoo, kila mtu atakuwa na wake wa dawa na wake wa maji, kwa bahati tu, bila kuchagua. Wa maji watangoja. Mwisho, dawa ikifaa, watapewa wao kabla ya mtu mwingine yeyote. Mzee mmoja akauliza kama wakifa je. Akamjibu kwamba tutamlipa kondoo, na kwamba tutamwambia ukweli. Wakatazamana, wakakubali.

Maji ya miwa yaliletwa kwenye kibuyu. Bwana Athumani akauliza kwa sauti ya chini, "Yamechacha haya?" Mwadime akamwambia yamekamuliwa asubuhi, mtoto mchanga anaweza kunywa. Mmoja mmoja wakapuliza, wakasema. "Kondoo wangu akinywa maji, nimekubali. Sina hasira." Mkubwa wetu alipopuliza, mengi yalimwagikia kanzu yake ya Ijumaa, na watu wakacheka kwa furaha kubwa, ndipo kweli tukawa kitu kimoja.

Kibuyu kikataka kurudishwa. Mimi sikuwa na kondoo hata mmoja. Lakini Bibi Mkamburi, aliyekuwa ameshuka siku hiyo, akakichukua, akaniletea, akaninyoshea. Nikaelewa. Nikaweka maji ya miwa mdomoni, na yalikuwa matamu mno kwa mtu mwenye uchungu kama wangu. Nikapuliza. Nikasema, "Mwanangu yuko zizi la maji. Nimekubali. Sina hasira." Nilipoanza kusema lilikuwa ni uongo. Nilipomaliza, lilikuwa karibu kweli.

Tukarudia kila kitu, kwa kondoo wengine wenye tegu waliotoka kwa watu hao hao. Mwadime aliwanywesha maji wale wa zizi la maji, akiwaomba radhi mmoja mmoja masikioni, nilimsikia. Nami nikahesabu bila kujua ya nani. Safari hii vikopo vingine vilikuwa safi na vingine vimejaa mayai mpaka nikachoka kuhesabu. Bwana Athumani akapanga nyuzi zake, na hakuzihesabu mara ya pili. Alitoka nje akapiga kelele jina la Mwadime, akiruka reli kama mtoto wa shule.

Siku chifu alipoondoa amri, kina mama walishuka na watoto, wakajaa mbele ya kituo. Bibi Mkamburi alichemsha dawa mwenyewe, akapima kwa kiganja chake. Watu wakajipanga. Yeye akabeba sufuria akawapita wote, pamoja na mimi na binti yangu, akaenda nyuma kwenye zizi. Ahadi ilikuwa ya kondoo kwanza. Aliwanywesha wa maji wote, Mwadime akiwashika vichwa, na hakuna mama hata mmoja aliyenung'unika.

Vijana wangu, nyinyi mnapima watu siku hizi, na mna karatasi ambazo watu hao hutia sahihi. Ni jambo jema. Lakini kila dawa mnayomeza leo, kuna mahali fulani mtu alikubali kunywa maji ili nyinyi mjue. Mjue majina yao mkiweza. Msiwasahau wakati wa kugawa. Nawashukuru Mwadime, na Bwana Athumani, na Bibi aliyeninyima, wote wamekwenda mbele ya haki, na hakuna hata mmoja ambaye jina lake liko kwenye chupa yoyote dukani.

Zamu ya Wakesho ilipofika alikunywa akakunja uso, akanitazama kana kwamba nimemsaliti. Povu likabaki kidevuni mwake, jeupe. Mama mmoja akaninyoshea leso nimpanguse. Nikamwambia asante, leso nikamwachia, nikamshika mwanangu mkono, tukavuka reli, tukapita katikati ya soko mpaka nyumbani, povu likimkaukia kidevuni na watu wote wakiliona.